Mgongo Haunyooshwi Kitandani

Kwa zaidi ya miaka kumi na mitano nimekuwa nikifundisha isimu katika chuo kikuu, na kila mwaka hufika wiki ya somo la utata wa maana. Huwaandikia wanafunzi ubaoni zile sentensi ambazo kila mwalimu wa Kiswahili humu nchini anazijua kama ajuavyo jina lake: "Ametupa embe", "Tulitumwa na Juma". Huwauliza kama embe limefika mikononi mwetu au limeishia jaani, na kama Juma ndiye aliyetutuma au naye alitumwa pamoja nasi. Wanafunzi hucheka, huandika, na mtihani ukifika hujibu vyema. Mimi mwenyewe nilifeli swali la aina hiyo hiyo mwezi wa Mei 2023, nikiwa na shahada ya uzamifu katika taaluma hiyo, na adhabu yangu ilikuwa siku kumi na moja kitandani huku mguu wangu wa kulia ukipoteza nguvu.

Kisa chenyewe ni hiki. Nilikuwa nyumbani kwangu Kinoru, hapa mjini Meru, asubuhi na mapema, nikainama kuokota katoni ya karatasi za mtihani iliyokuwa sakafuni. Katoni haikuwa nzito kupita kiasi. Niliinama kwa kiuno, magoti yakiwa yamenyooka, kama nilivyoinama maelfu ya mara maishani. Nilisikia kitu mfano wa kamba inayokatika, kisha maumivu yakashuka kutoka tako la kulia, yakapita nyuma ya paja, yakaingia katika shavu la mguu na kuishia kwenye kidole kidogo. Ilikuwa kana kwamba mtu amenichora kwa msumari wa moto.

Katika kituo cha afya nilikopelekwa, ambacho sitakitaja, nilipimwa, nikaelekezwa kupigwa picha, na picha iliporudi niliambiwa kwa haraka kwamba diski iliyo chini kabisa ya uti wa mgongo "imeteleza". Mhudumu alikuwa na foleni ndefu nyuma yangu, na simlaumu sana. Alinipa dawa za maumivu, akanikabidhi karatasi ya michoro, akasema: "Mwalimu, nenda nyumbani ukanyooshe mgongo."

Msomaji anayejua Kiswahili ataona mara moja shimo nililotumbukia. Katika lugha yetu, anayekwenda kunyoosha mgongo anakwenda kupumzika. Mkulima akitoka shambani saa sita hujilaza chini ya mti akasema ananyoosha mgongo. Baba akimaliza chakula cha mchana hunyoosha mgongo kwenye kochi, na watoto huambiwa wanyamaze. Ile karatasi ya michoro nayo ilikuwa imenakiliwa mara nyingi hata wino ukafifia, na maneno yake machache yalikuwa ya Kiingereza cha kitaalamu. Mchoro wa kwanza ulionyesha mtu aliyelala kifudifudi. Niliona unathibitisha niliyoyasikia. Nikaiweka karatasi juu ya kabati, nikalala.

Siku kumi na moja si nyingi kwa mtu mwenye afya, lakini kwa aliyelala ni umri mzima. Nilisikia vijana wakishangilia mpira katika uwanja wa Kinoru, nikazijua saa kwa kelele za bodaboda zinazowapeleka watoto shule. Wageni walikuja, kila mmoja na jina lake la ugonjwa. Mmoja alisema mfupa umechomoka. Mwingine alisema uti umevunjika na ya kwamba yeye binafsi alimjua mtu wa Maua aliyeugua hivyo hivyo, hakutembea tena. Mama yangu mzazi, ambaye kwa miaka arubaini alibeba kuni na maji mgongoni kwa ukanda uliopitishwa kwenye paji la uso, kama walivyofanya wanawake wote wa rika lake katika Meru, alikuja akaketi kando ya kitanda. "Mwanangu, kitu kilichoteleza kikiguswa huteleza zaidi," alisema. "Usijigeuze ovyo." Nilimsikiliza, kwa kuwa mantiki ya maneno yake ilikuwa timamu kabisa. Ikiwa kitu kimeteleza, basi kiko njiani kuanguka. Nikaogopa hata kupiga chafya.

Hapo ndipo ninapotaka mwalimu mwenzangu na mwanafunzi anayesoma safu hii watulie kidogo, maana jina la maradhi haya ni la uongo, na uongo wake hautokani na Kiswahili. Tumeutafsiri kutoka Kiingereza. Diski haitelezi. Katika uti wa mgongo wa binadamu mna diski ishirini na tatu, kila moja imekaa baina ya pingili mbili na imeshikamana nazo kwa nguvu. Ganda lake la nje ni pete ya nyuzi ngumu zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, na katikati yake mna kiini laini ambacho sehemu yake kubwa ni maji. Watu wa pwani wanaweza kuifikiria ile kata ambayo mwanamke huiweka kichwani kabla ya kujitwisha mtungi, isipokuwa tundu la kata hii limejazwa ute mzito. (Wanafunzi wangu wa huku mlimani hawaijui kata, kwa sababu mama zao walibeba mgongoni; mifano nayo ina makwao.) Linalotokea ni kwamba nyuzi za pete huchakaa au hupasuka upande mmoja, kiini kikasukumwa kuelekea kwenye ufa huo, na diski ikatokeza kama mpira wa baiskeli uliovimba pahali pamoja. Ikitokeza upande wa nyuma huweza kuubana au kuuchokoza mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Ndiyo sababu mtu huumwa mguu na kumbe kosa liko kiunoni.

Mambo haya yalifahamika vizuri tangu mwaka 1934, madaktari wawili wa Boston, William Mixter na Joseph Barr, walipochapisha maelezo ya wagonjwa waliopasuliwa kwa sababu hiyo. Tangu wakati huo, kwa miongo mingi, dunia nzima ilifuata njia mbili tu: kisu au kitanda. Kitanda ndicho kilichodumu zaidi katika mawazo ya watu, na mpaka leo ndicho ushauri wa kwanza wa jirani yeyote. Hata hivyo, mwaka 1999 watafiti wa Uholanzi waliwagawa wagonjwa 183 wenye maumivu ya namna hii, yale yanayoshuka mguuni, katika makundi mawili. Kundi moja lililazwa kitandani kwa majuma mawili, la pili likaendelea na shughuli zake kwa kadiri ya uwezo. Baada ya majuma kumi na mawili, asilimia 87 ya kila kundi walikuwa wamepata nafuu. Kitanda hakikuwa kimeongeza chochote.

Isitoshe, picha zenyewe hutisha kuliko zinavyostahili. Mwaka 1994 huko Marekani watu 98 wasio na maumivu yoyote ya mgongo walipigwa picha za MRI, na zaidi ya nusu yao walionekana wana diski iliyovimba angalau pahali pamoja. Walikuwa wakitembea, wakifanya kazi, wakicheza na watoto wao, na hakuna aliyewaambia kuwa kitu kimeteleza. Kadhalika inajulikana sasa kwamba mwili wenyewe huweza kukinyonya taratibu kile kipande kilichotokeza hadi kikapungua au kikatoweka. Mtu aliyeambiwa kwamba diski yake imetokeza na huenda ikanywea atatembea. Aliyeambiwa imeteleza atakaa kimya akingojea ianguke.

Siku ya kumi na mbili mke wangu alirudi nyumbani na mgeni. Alikuwa mtaalamu wa tiba ya viungo, mwanamke wa makamo ambaye walijuana kanisani. Katika nchi yetu wataalamu hawa wana sheria yao ya mwaka 2014 na baraza linalowasajili, lakini watu wengi bado huwadhania kuwa wakandaji. Mimi pia nilidhani amekuja kunikanda. Alisimama mlangoni akanitazama.

"Mwalimu, ni nani aliyekwambia ulale?"

"Niliambiwa nikanyooshe mgongo."

Alicheka mpaka akaketi. Kisha akaiomba ile karatasi iliyokuwa juu ya kabati, akaisoma, akasema kwamba aliyenituma nyumbani alikuwa na maana ya mazoezi ya kuurudisha mgongo nyuma, kinyume cha kuinama, na kwamba yule mtu wa mchoroni hakuwa amelala. Alikuwa anaanza.

Hakunigusa mara moja. Kwanza aliuliza maswali, tena maswali mengi. Aliniamuru nisimame kwa ncha za vidole, kisha kwa visigino. Mguu wa kulia ulishindwa kuninyanyua kwenye vidole, akaliandika hilo. Aliniuliza mambo ya chooni waziwazi, bila haya, mbele ya mke wangu, nami nikababaika; nitalirudia swali hilo baadaye kwa sababu ndilo lililonifanya niandike makala haya. Aliporidhika, akatandika mkeka sakafuni.

Naeleza sasa yale niliyoagizwa mimi, baada ya kupimwa. Nililala kifudifudi kwenye mkeka, mikono kando, dakika tano. Kisha nikajiinua juu ya viwiko, kiuno kikibaki chini, nikakaa hivyo dakika chache. Siku zilizofuata nikajisukuma kwa viganja hadi mikono ikanyooka, kifua kikainuka kama cha mjusi anayeota jua, makalio yakibaki mazito juu ya mkeka. Mara kumi, kisha kupumzika, kisha tena baada ya saa mbili tatu. Njia hii ilipata umaarufu kupitia kwa Robin McKenzie, mtaalamu wa New Zealand. Mwaka 1956 mgonjwa wake mmoja alilala kifudifudi, kwa bahati tu, kwenye kitanda kilichokuwa kimeinuliwa upande wa kichwa, na McKenzie aliporudi chumbani alimkuta mguu hauumi tena. Tiba nyingine kubwa zimeanza na ajali ndogo za namna hiyo.

Kanuni niliyofundishwa ndiyo yenye thamani kuliko zoezi lenyewe, nayo ilinishangaza kwa sababu inapingana na akili ya kawaida. Maumivu yakipanda, yaani yakitoka kwenye kidole yakaja kwenye shavu la mguu, kisha yakaja pajani, kisha yakabaki kiunoni peke yake, hiyo ni habari njema hata kama kiuno kinauma zaidi ya jana. Maumivu yakishuka, yakaelekea kwenye unyayo, zoezi hilo si lako, liache umwone mtaalamu. Nilikuwa nimezoea kupima ugonjwa kwa ukali wa maumivu. Nikafundishwa kuupima kwa anwani yake. Na ni lazima niongeze kwamba kuna wagonjwa, hasa wazee ambao mfereji wa uti wao umekuwa mwembamba, ambao zoezi hili hili la kujirudisha nyuma huwazidishia tabu. Kwa hiyo anayetaka kuukata ukurasa huu aufanye daktari wake, nimemkataza.

Kutembea kulikuwa sehemu ya pili, na hakuhitaji mkeka wala fedha. Siku ya kwanza nilifika langoni nikarudi. Wiki ya pili nikafika kwenye ukuta wa uwanja wa mpira. Wiki ya tisa niliuzunguka uwanja mzima, mbele yangu wakikimbia vijana waliokuwa wakinipita kwa mara ya nne au ya tano, na mmoja wao akaniita "mzee" kwa adabu. Mteremko ulinisumbua kuliko mwinuko, na katika mji wa Meru mtu hawezi kuukwepa ama huu ama ule.

Sehemu ya tatu ndiyo iliyonirudisha kwenye kazi yangu ya lugha. Yule mtaalamu alitaka kunifundisha namna mpya ya kuinama. Alisema, "Kunja nyonga, usikunje kiuno." Nikakunja kiuno. Akarudia. Nikakunja kiuno tena, kwa bidii zaidi. Baada ya mara tano tuligundua kwamba hatukuwa tukizungumza juu ya mwili mmoja. Kwangu, kama ilivyo kwa Wakenya wengi, kiuno ni eneo lote la katikati, kuanzia panapofungwa mshipi hadi panapoanzia mapaja. Nyonga ni neno la vitabuni, au la kuku mezani. Kwa yeye, kiuno ni pingili tano za chini za mgongo, na nyonga ni ule mfupa wa paja unapoingia kwenye tundu lake. Katika tofauti hiyo ndimo mlimokuwa tiba yangu. Akachukua fimbo ya ufagio, akaiweka wima mgongoni mwangu, igusane na kisogo, mabega na tako, akaniambia niiname bila fimbo kuachana na popote. Magoti yakalegea yenyewe, makalio yakarudi nyuma, na kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi niliokota kitu sakafuni pasipo msumari wa moto. Ufagio ulikuwa umefafanua neno ambalo kamusi zangu zote hazikuweza.

Katika Kimeru tunasema mũgongo, katika Kiswahili mgongo. Ni mzizi mmoja wa Kibantu, wa kale sana, na haukugawanyika. Bibi zetu hawakuwa na haja ya kuzihesabu pingili. Haja imekuja sasa, na nadhani sisi wanaisimu tumekuwa tukiitafuta pahali pasipo pake. Tumekesha tukibuni istilahi. Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili, kijana hodari, alinipendekezea "kisahani" badala ya diski, na tulijadiliana naye kwa saa nzima kwa raha kubwa. Lakini mgonjwa hakosi nafuu kwa sababu ya nomino. Akisema diski, kisahani au gegedu, haidhuru. Anakosa nafuu kwa sababu ya vitenzi: nyoosha, kunja, inua, kaza, legeza, pumzika. Tiba ya nyumbani imejengwa karibu yote kwa vitenzi vya kuamrisha, na anayevitekeleza yuko peke yake kwenye mkeka, hana wa kumsahihisha. Katiba yetu ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Karatasi yangu ya michoro haikuwa imepata habari hizo.

Walimu wana sababu ya pekee ya kuyajali haya. Kazi yetu ni ya kusimama saa nyingi, kisha kuinamia meza ya chini tukisahihisha rundo la madaftari hadi usiku. Niliagizwa nisikae zaidi ya nusu saa pasipo kuinuka, na nisahihishe nikiwa nimesimama, daftari likiwa juu ya kabati la vyombo. Mke wangu alilalamika kuhusu wino. Niliagizwa pia nisiiname kwa saa ya kwanza baada ya kuamka. Usiku diski hunywa maji zikajaa, na ndiyo maana sote huwa warefu asubuhi kuliko jioni kwa sentimita moja hivi au zaidi. Diski iliyojaa hukerwa zaidi na kuinama. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kuwa waliojizuia kuinama asubuhi walipungukiwa na maumivu sugu ya kiuno. Kumbuka kwamba katoni yangu niliiokota alfajiri.

Kuhusu upasuaji nitasema machache. Upo, una wakati wake, na huwaondolea wengi maumivu ya mguu kwa haraka. Lakini Waholanzi hao hao, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, waliwafuata wagonjwa 283, baadhi wakapasuliwa mapema na wengine wakatibiwa kwanza bila kisu. Waliopasuliwa walipata nafuu upesi zaidi. Mwaka ulipokwisha, asilimia 95 ya kila kundi walikuwa wamepona, ingawa katika kundi la pili wapo wengi waliolazimika kupasuliwa hatimaye. Mwenye subira na mkeka hapotezi mengi, ila kama ni yule ambaye hapaswi kungoja hata kidogo.

Sasa narudi kwenye lile swali la chooni.

Nina jirani, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye aliugua mgongo mwaka mmoja kabla yangu. Ameniruhusu nikiandike kisa chake mradi nisimtaje wala nisiitaje hospitali. Maumivu yake yalikuwa kama yangu, ila yalishuka miguu yote miwili. Siku ya tatu alianza kuhisi ganzi katika sehemu ambazo mtu akipanda baiskeli hugusana na kiti. Jioni hiyo mkojo ukawa hautoki vizuri. Alikwenda hospitali, akapokewa na kijana mwenye adabu, wa umri wa wanafunzi aliowahi kuwafundisha. Kijana huyo alijua anachopaswa kuuliza, maana hufundishwa. Lakini mbele yake alikuwa mwanamke wa umri wa mama yake, tena mwalimu. Akainamisha uso, akauliza: "Na huko chini, mama, kuko sawa?"

Jirani yangu akaitazama miguu yake. Akajibu kwamba miguu inauma, hasa wa kushoto, lakini anaweza kukanyaga. Kijana akaandika kwamba huko chini kuko sawa. Akapewa dawa, akarudi nyumbani akanyooshe mgongo.

Mwishoni mwa uti wa mgongo mishipa ya fahamu hutawanyika kama nywele, na madaktari wa kale waliuita mkusanyiko huo, kwa Kilatini, mkia wa farasi. Diski kubwa ikiubana mkia huo, ganzi huingia sehemu za makalio na mapaja ya ndani, mkojo na choo hupoteza utaratibu wake, na miguu hudhoofika. Hali hii ni adimu. Ikitokea, hapana mkeka wala zoezi. Mgonjwa anahitaji daktari mpasuaji, na muda wake huhesabiwa kwa saa. Jirani yangu alifika kwa mpasuaji siku ya sita. Siku hizi anatembea akiuburura mguu wa kushoto, amestaafu kabla ya wakati wake, na hutumia mpira wa mkojo. Ana umri wa miaka hamsini na mmoja.

Katika kozi yangu ya semantiki huwa natenga mihadhara miwili kwa ajili ya tafsida. Nimekuwa nikiisifu. Nimewaambia wanafunzi kwamba lugha inayosema "kwenda haja" na "kujifungua" ni lugha yenye heshima, na kwamba Kiswahili kimestaarabika kwa sababu kinajua kufunika. Sijayafuta maneno hayo. Lakini tangu nilipokaa sebuleni kwa jirani yangu akanisimulia ile jioni, kila neno kwa mahali pake, kama shahidi mahakamani, siwezi kuyasema tena kwa sauti ile ile. Yule kijana hakuwa mzembe. Alikuwa amelelewa vizuri. Jirani yangu naye alikuwa amelelewa vizuri, na aliniambia kwamba hata lile swali angalielewa, hana hakika angalijibu.

Ndipo mimi na yule mtaalamu wa tiba ya viungo tukaketi, jioni kadhaa, tukaiandika upya ile karatasi. Michoro aliichora binti yangu wa kidato cha tatu. Maandishi ni ya Kiswahili upande mmoja na Kimeru upande wa pili, ukurasa mmoja tu. Hatukuandika "imeteleza", tumeandika "imetokeza", na chini yake kwamba wengi hupata nafuu bila kupasuliwa, aghalabu katika majuma machache. Hatukuandika "nyoosha mgongo" popote. Mahali pa nyonga tumechora ufagio. Kila zoezi lina mstari mmoja unaosema maumivu yakishuka, acha. Dalili za hatari tumeziweka juu kabisa, kabla ya zoezi la kwanza, ndani ya kisanduku chenye mstari mnene. Mtaalamu ameanza kuwapa wagonjwa wake nakala, na hurudi kuniambia ni neno gani limeeleweka vibaya. "Kaza tumbo", kwa mfano, tumeliondoa. Watu walikuwa wakizuia pumzi.

Kabla ya kuipiga chapa nilimpelekea jirani yangu aisome. Katika kile kisanduku cha juu nilikuwa nimeandika, kwa Kiswahili ninachokionea fahari, kwamba mgonjwa atafute msaada wa haraka endapo atahisi mabadiliko yoyote katika sehemu zake za siri. Alivaa miwani, akasoma hadi mwisho, akarudi juu. Akaichukua ile kalamu nyekundu ambayo hajaiacha ingawa hana tena madaftari ya kusahihisha, akaikata sentensi yangu yote kwa mstari mmoja ulionyooka. Pembeni, kwa mwandiko wa ubaoni, akaandika: "Ukijipangusa chooni na usihisi unajigusa, au mkojo ukakataa kutoka, nenda hospitali usiku huo huo. Usingoje kuulizwa. Sema wewe."